Magige Hahesabu Watu

Ukimuuliza Mzee Magige ana watoto wangapi, atakutajia majina, akianzia na Bhoke. Ukimuuliza leo ameleta ng'ombe wangapi Migori kutoka soko la Ogwedhi, atasema: yule mwekundu mwenye pembe iliyovunjika, yule mweusi wa baka jeupe begani, ndama wa mama mmoja wa Uriri, na ataendelea hivyo hadi wote waishe. Wewe ndiye utakayebaki ukikunja vidole. Yeye hahesabu. Kwao Ukuriani, anasema, mtu na ng'ombe hawahesabiwi. Ukishatamka kwamba wako kumi, kesho utawakuta tisa.

Mimi sikushangaa sana. Hata nyanya yangu wa Homa Bay hataki vifaranga vyake vihesabiwe, na ukivinyooshea kidole atakipiga na mwiko. Aliyeshangaa ni Mwalimu Joash, kwa sababu yeye ni mwalimu wetu wa hesabu shuleni.

Magige ana miaka kama arobaini hivi, mwembamba, mguu mrefu, na kazi yake ni kuswaga. Wafanyabiashara wakinunua ng'ombe Ogwedhi, humwachia yeye awalete Migori kwa miguu, mwendo wa kutwa nzima. Anatembea nyuma ya yule wa mwisho, fimbo begani, hasemi sana. Na akifika hakai. Mwenye mali lazima azunguke kila mnyama, amshike mgongo, amtazame mdomo, kisha aseme, "Nimepokea." Kabla ya neno hilo Magige hakai chini wala hanywi maji, hata umpe kiti na soda baridi. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Nikikaa, nani ana ng'ombe?" Nikaandika kwenye daftari langu, ingawa sikuelewa vizuri.

Alivyoingia klabuni ni hivi. Mwalimu Joash alikuwa ameanzisha klabu ya mbio, Kuja Runners, tukaitwa kwa jina la mto wetu. Kila Jumamosi asubuhi tulikimbia barabara ya Ogwedhi. Siku moja tukakutana na Magige na ng'ombe wake. Fahali mmoja akashtushwa na filimbi ya Mwalimu, akakata mbio kuelekea Migori. Magige akamfuata. Aliwapita wavulana wote, akampita hata Chrispine, ambaye ndiye bingwa wetu, akamgeuza yule fahali na kurudi naye bila kuhema. Miguuni alikuwa na akala, zile ndara za tairi.

"Huyo mtu ana tairi miguuni!" Mwalimu akapiga kelele. "Chrispine, umepitwa na gari!"

Wiki iliyofuata Magige akawa mwanachama. Lakini alikuwa na tabia moja iliyomchosha Mwalimu. Alikimbia nyuma ya yule wa mwisho, siku zote. Yule wa mwisho kwa kawaida alikuwa Zilpah, fundi wa nguo wa pale sokoni, mama mwenye mwili na maneno.

"Baba Bhoke, si unipite!" Zilpah alimwambia. "Unanipumulia shingoni kama nina mkia."

"Anayeswaga hatangulii, mama."

"Kwa hivyo mimi ni ng'ombe?"

"Wewe unajua njia. Wengine hawajui."

Zilpah alicheka mpaka akaacha kukimbia. Magige naye akasimama, akamngoja.

Sasa, mwezi wa Agosti mwaka wa 1996, tukiwa likizo, Mwalimu akatuandikisha kwenye marathoni jijini Nairobi. Tulikuwa wakimbiaji kumi na mmoja. Mwalimu ndiye aliyehesabu, si mimi. Usafiri tulipata wa bure: lori la Nyakundi, dereva wa Kisii, ambalo lilikuwa likipeleka ng'ombe Nairobi. Ng'ombe wangekaa nyuma, sisi mbele, katikati kuna miti imefungwa kwa kamba. Magige angekuwa kote kuwili, maana yeye alikuwa na ng'ombe na watu pia.

Asubuhi ya kuondoka, tukiwa tumepanda tayari, akaja mama mmoja mbio akiwa na ndoo ya omena, dagaa wa ziwa letu, kichwani. Alikuwa Filister, mamake Chrispine. Kwao ni kisiwa cha Mfangano, lakini yeye huuza samaki soko la Homa Bay, na alikuwa amedamka kule ili atuwahi. Hakwenda kwa Mwalimu. Alikwenda moja kwa moja kwa Magige, aliyekuwa ameshika mlango wa nyuma wa lori.

"Wewe ndiye Magige? Wanasema hujawahi kupoteza mnyama wa mtu."

"Bado," Magige akasema.

"Nairobi ina mtoto wangu mmoja. Elijah alienda kutembea wiki mbili. Sasa ni miaka sita. Salamu tu, kupitia kwa madereva." Akamtazama Nyakundi kana kwamba yeye ndiye aliyezila salamu nyingine. "Huyu mdogo ndiye nimebaki naye. Sikupi, unasikia? Nakuazima tu."

"Mama, yawa!" Chrispine akalalamika kutoka juu. Ana miaka kumi na tisa, kifua cha kupiga kasia, na kila mtu alikuwa akimtazama. "Mimi ni mtoto?"

"Nyamaza, sijaongea na wewe."

Magige hakuapa wala hakuinua mkono. Alisema tu, "Nitamrudisha mkononi mwako. Utamzunguka mwenyewe umtazame."

Filister akatoa ndoo kichwani, akatuachia omena yote.

Njiani nilijifunza kwamba ng'ombe haruhusiwi kulala ndani ya lori. Akilala, wenzake watamkanyaga afe. Magige alikuwa akiwatazama magoti. Mmoja akianza kulegea, anaruka miti, anamkunja mkia, "Simama! Simama, baba," na yule anasimama. Alifanya hivyo kutwa nzima. Chrispine alikuwa akimwigiza, kila mtu akisinzia anamvuta shati, "Simama, baba!" tukacheka mpaka Narok. Alikuwa na furaha mno, Chrispine. Alituambia kwamba ufukweni kwao kuna mtumbwi mpya umepakwa rangi lakini haujaandikwa jina. Wazee wa ufuko walisema akirudi na medali, utaitwa Chrispine.

"Na usipopata?" nikamuuliza.

"Caren, wewe unauliza kama polisi," akasema. Wengine wakacheka. Yeye alitazama nje.

Tulilala kwenye ukumbi wa kanisa. Jumamosi tukazunguka kidogo, na mchana tukala karibu na soko la Burma, kibanda cha Mama Millicent, ambaye anakaanga samaki wa ziwani na amezaliwa Mfangano. Aliposikia Chrispine ni wa kisiwani alimpa kichwa cha mbuta peke yake, kikubwa kama kiatu cha Mwalimu. Wakaongea majina ya watu wa kwao hadi tukachoka kungoja. Mimi nikatumia nafasi hiyo kuandika jina la kila barabara tuliyopita.

Jumapili mbio zilichelewa kuanza, zikaanza saa tatu. Kila aliyejiandikisha alipewa fulana nyeupe yenye maandishi ya mashindano, ya kuvaa baadaye, maana Agosti Nairobi ni baridi. Wasichana wa shule tulikimbia kilomita kumi. Nilimaliza, hayo yanatosha. Kisha nikasimama kando ya barabara kuwaona wakubwa. Chrispine alipita katika kundi la kwanza kabisa! Nilipiga kelele hadi sauti ikakauka. Wengine wetu walipita mmojammoja. Mwishoni, nyuma kabisa, watu walipokuwa wameanza kuondoka, akaja Zilpah akiwa mwekundu machoni, na hatua mbili nyuma yake Magige, mkono begani kana kwamba ameshika fimbo.

"Mzee, pita! Una nguvu!" nikamwambia.

"Na huyu nimwache na nani?" akajibu, akaendelea.

Walifika saa nane na nusu. Lori lilikuwa nje ya uwanja, injini imewashwa, Nyakundi akipiga honi. Alitaka kupita Narok kabla ya giza, kwa sababu taa moja ilikuwa haiwaki. Tulikuwa tumejitupa ndani ya lori tupu juu ya nyasi kavu, hakuna aliyetaka kuinua hata kichwa. Kwenye kona, mmoja alikuwa amelala kifudifudi, fulana nyeupe imevutwa hadi kichwani. Tulinong'onezana kwamba Chrispine hakupata medali. Jina lake halikusomwa. Nani angemwamsha?

Mwalimu alimvuta Zilpah juu, akahesabu kwa kalamu. "Tisa, kumi, na Magige kumi na moja. Nyakundi, twende!"

Magige alikuwa bado chini. Alishika mlango wa lori kwa mikono miwili, akatutazama. Alianzia kulia. Alikuwa akisogeza midomo, hatusikii. Akafika kwenye kona, midomo ikasimama.

"Chrispine yuko wapi?"

"Amelala pale," Mwalimu akasema. "Mwache apumzike."

"Hiyo si miguu yake."

"Magige, tafadhali. Nimehesabu mara mbili."

"Mtoto wa mtumbwi vidole vyake vimeachana, vinashika mbao. Hivi vimebanana kama vya askari."

Zilpah alimvuta yule mtu fulana. Akaamka mwanamume wa makamo, mwenye ndevu, akiwa na aibu nyingi. "Samahani jamani. Mimi ni wa Keroka. Nilikimbia pia. Dereva amenipa lifti."

Sote tukamgeukia Nyakundi. "Lori lilikuwa tupu!" akajitetea kutoka dirishani. "Mnataka nibebe hewa?"

Mwalimu Joash aliketi. Nilimwona anafungua daftari, anafunga, anafungua. Kisha akakimbia uwanjani wakamtangaza Chrispine kwenye spika, mara ya kwanza, mara ya pili. Hakuna aliyekuja. Mmoja wetu akakumbuka alimwona kilomita ya thelathini hivi, amekaa kwenye ukingo wa barabara ameshika paja. Alidhani atainuka.

"Kosa ni langu," Magige akasema. "Nilitazama wa nyuma. Ng'ombe anayetangulia hapotei, wenzake wako nyuma yake. Nikasahau hawa ni watu."

Nyakundi akapiga honi. "Ni mtu mzima huyo! Atapanda basi!"

"Na pesa ya basi atatoa wapi, kwa soksi?" Zilpah akamfokea. "Zima hiyo gari."

"Twende polisi," Mwalimu akasema.

"Nenda, Mwalimu. Mimi nitatafuta," Magige akasema. "Aliyepotea hatafutwi alikopotea. Hutafutwa alikokunywa maji."

Nikasema, "Lakini Mzee, Nairobi hakuna ziwa."

Akanitazama. "Jana alikunywa wapi?"

Basi nikaelewa, nikaruka chini. Nilikuwa na majina ya barabara zote kwenye daftari, na miguu yangu ilikuwa imekimbia kumi tu. Ya kwake ilikuwa imekimbia arobaini na mbili. Tulitembea, mimi nikisoma, yeye akifuata. Kila tulipofika ukingo wa barabara aligeuka, akashuka kinyumenyume akinishika bega, kwa sababu magoti yalikuwa yamekataa kukunjika. Hakulalamika. Mara moja tu aliuliza, "Bado?" na mimi nikadanganya kwamba tumefika.

Mama Millicent alikuwa akigeuza samaki kwenye karai. Alituona, akakunja uso.

"Nyinyi ndio mliomwacha mtoto wa watu?"

"Amekwambia tumemwacha?" nikashangaa.

"Ati lori limeondoka. Ameomba kazi, nimempa." Akaonyesha nyuma kwa kidevu.

Chrispine alikuwa amekaa kwenye kreti la soda, aproni ya Mama Millicent kiunoni, anaparua magamba ya ngege. Beseni lilikuwa karibu kujaa. Alituona akaendelea kuparua, kwa kasi zaidi.

"Omera, ndugu yangu," nikamwita.

"Simama," Magige akasema.

"Mzee, nendeni tu. Mguu ulikaza. Nilikuwa wa nne! Wa nne, Mzee, nawaona wale watatu hivi, halafu mguu..." Kisu kikasimama. "Mwambie mama nimepata kazi. Nitatuma salamu."

"Kama Elijah."

Chrispine aliinamisha kichwa. "Wamepaka ule mtumbwi rangi ya samawati. Watakuwa wote ufukweni. Nitawaambia nini?"

"Mtumbwi usio na jina hauvui samaki?"

Mama Millicent alikuwa amekuja na stuli, akaiweka nyuma ya Magige. "Jaduong', mzee wangu, kaa chini. Utaanguka kwenye mafuta yangu."

"Asante mama. Siwezi kukaa."

"Kwa nini?"

"Nina mali ya mtu. Sijaifikisha."

Akampa maji kwenye kikombe cha bati. Magige alikipokea kwa heshima akakiweka juu ya meza, bila kunywa. Hapo ndipo nilipotazama miguu yake. Ilikuwa inatetemeka kuanzia pajani hadi kwenye kisigino, kama ya ndama aliyezaliwa sasa hivi, na chumvi ya jasho imekauka juu yake. Alikuwa ameshika nguzo ya kibanda. Chrispine naye alikuwa anaitazama. Anajua ile kanuni, sote tunaijua, tuliifanyia mzaha klabuni mara nyingi.

"Mzee, si ukae," akasema polepole.

"Nitakaa Homa Bay."

"Utaanguka!"

"Basi utanibeba. Lakini utanibeba ukienda kwa mama yako, si hapa."

Chrispine alianza kucheka, kisha haikuwa kicheko tena, akajifuta uso kwa mkono wenye magamba. Halafu Magige akasema, "Au unataka nikukunje mkia?"

Chrispine akasimama.

"Toa aproni yangu," Mama Millicent akasema, "na mkono unawe. Nilijua tu hukuachwa. Mtu aliyeachwa hula akipewa, wewe umejificha, ndiyo maana hukugusa hata ugali." Akatufungia samaki wawili kwenye gazeti.

Tuliporudi, Chrispine ndiye aliyemshika Magige upande mmoja na mimi upande wa pili, tukaenda miguu sita kama mdudu. Zilpah alituona kwa mbali akapiga kigelegele kilichowageuza watu wote nje ya uwanja. Mwalimu Joash, aliyekuwa amerudi kutoka polisi, alishuka, akamkumbatia Chrispine. Hata Nyakundi alizima injini yake bila kuambiwa.

"Haya, juu, juu," Mwalimu akasema akifuta miwani. "Sasa tuko kumi na..." Akamtazama Magige. Akafunga daftari.

"Shukeni wote," Magige akasema.

"Ati nini?"

"Shukeni. Mpite hapa mlangoni."

Tulipiga kelele! Watu walikuwa na malengelenge, wengine hawahisi nyayo. Lakini Mwalimu ndiye aliyeshuka wa kwanza, akiguna, kisha sote. Magige akasimama kwenye mlango wa lori kama anavyosimama kwenye mlango wa boma jioni, tukapita mmoja mmoja, naye akimgusa kila mtu begani. Kumbe kila mmoja alikuwa na alama yake. "Mwenye cherehani." "Mwenye kalamu." "Mkono wa kushoto." Nilipopita mimi akasema, "Anayeuliza." Chrispine alipopita hakusema alama yoyote, alimshika bega tu kwa muda mrefu kuliko wengine. Mwisho akaja yule wa Keroka, hajui afanye nini.

"Wewe si wangu," Magige akamwambia. "Lakini pita."

Nilicheka peke yangu hadi nikalala. Kila nilipofumbua macho njiani nilimwona amesimama, kashika chuma cha lori. Zilpah anasema aliegemea. Labda. Mimi sikumwona akiegemea.

Alfajiri tulishuka Rongo watatu, Magige, Chrispine na mimi, maana mimi nilikuwa naenda kwa nyanya. Tukapata pikapu ya unga hadi Homa Bay. Filister alikuwa ameshapanga omena yake kwenye gunia, mafungu madogomadogo. Alimwona mwanawe, akainuka. Hakuuliza alikuwa wa ngapi. Nilingoja aulize, hakuuliza.

"Huyu hapa," Magige akasema. "Mtazame kama ndiye."

Nilidhani atacheka. Filister alimzunguka Chrispine polepole, sokoni, mbele ya watu wote. Alimshika mgongo. Alimfinya mkono. Alimfungua mdomo kama ng'ombe kweli, na Chrispine, bingwa wetu, akatulia tuli, macho chini. Wauza samaki wenzake wakaanza kushangilia. Filister akamaliza mzunguko, akasimama mbele ya Magige, machozi yakimtoka bila yeye kuyajali.

"Nimepokea," akasema.

Magige akatazama kushoto na kulia, akaona gunia tupu lililokunjwa, akakaa. Akanyoosha ile miguu mirefu katikati ya mafungu ya omena.

"Sasa mama," akasema, "naomba maji."